Shona pedi ukiwaza kamba ya kuanikia

Pedi nyingi za kitambaa zinazoshonwa nyumbani hazishindwi mwilini. Zinashindwa kwenye kamba. Zinanyonya vizuri, hazivuji, hata machoni zinapendeza, kisha masika yanaingia na pedi nene yenye tabaka nane za taulo inakaa siku mbili nzima ikiwa bado na ubichi katikati. Mwenye nayo anaivaa hivyo hivyo kwa kuwa zamu yake imefika na nyingine hana. Hapo ndipo muwasho, upele wa mapajani na harufu vinapoanza, na lawama yote inaangukia kitambaa, wakati kosa lilifanyika siku ile ya kukata.

Kwa hiyo kabla ya kushika mkasi, jiulize: hii itakauka kwa muda gani, hapa ninapokaa, mvua ikinyesha wiki nzima? Jibu lako ndilo litakaloamua idadi ya tabaka, mtindo wa pedi, na hata idadi ya vipande vya kushona.

Mitindo mikubwa ni miwili. Kuna pedi ya kipande kimoja, ambayo kinyonyaji chake kimeshonewa ndani moja kwa moja. Ni rahisi kuvaa, lakini maji yaliyokaa katikati ya tabaka hayana pa kutokea. Kuna na ya vipande viwili: kava lenye mabawa ya kufungia chini ya chupi, ambalo ndani yake lina utando usiopitisha maji, na kitambaa cha ndani kinachokunjwa mara tatu na kuchomekwa kwenye mifuko miwili ya kava. Wakati wa kuvaa, kitambaa hicho kinakuwa na tabaka sita. Wakati wa kuanika kinakunjuliwa na kubaki na tabaka mbili tu. Mimi nasimama na mtindo huu wa pili bila kusita, hasa kwa anayeishi Pwani, Kagera au popote penye unyevunyevu mwingi hewani. Tena una faida nyingine ambayo watu huizungumza kwa sauti ya chini: kikiwa kwenye kamba, kitambaa hiki ni kipande cha mraba cha kawaida tu, kama leso ya mfukoni au kitambaa cha kumfutia mtoto. Kinaanikwa juani katikati ya nguo nyingine bila mtu yeyote kukikazia macho. Pedi yenye umbo la pedi huishia kufichwa bafuni au chini ya godoro, na huko haikauki kamwe.

Suala la gharama halihitaji maneno mengi. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye pedi mwaka 2004. Tanzania iliiondoa mwaka 2018, kisha ikairudisha mwaka uliofuata. Bei ya dukani inapanda na kushuka kwa maamuzi ambayo binti aliyeko kijijini hana kauli nayo. Kitambaa alichokishona mwenyewe hakimsubiri waziri.

Vitambaa, na jinsi ya kuvitambua

Kitambaa cha ndani kishone kwa flaneli ya pamba, ile laini yenye manyoya mafupi inayotumika kushonea nguo na shuka za watoto wachanga. Ikikosekana, fulana kuukuu za pamba zinafaa sana, kwani zimeshafuliwa mara nyingi na zinanyonya upesi. Kanga iliyochakaa pia inafaa. Ni nyembamba na hukauka haraka kuliko zote, ila itabidi uongeze tabaka. Taulo linanyonya kwa wingi, lakini ndilo linalochelewa kukauka, kwa hiyo likae akiba ya usiku, tabaka moja tu.

Usimwamini muuzaji anapokuambia hii ni pamba. Chomoa nyuzi chache ukingoni, zishike kwa kibanio na uziunguze juu ya sinki. Pamba huwaka kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Polista huyeyuka, hujikunja na kuacha shanga ngumu nyeusi. Zikitokea zote mbili, ni mchanganyiko. Kitambaa kilichochanganywa kinaweza kufaa upande wa nje wa kava, lakini kwenye kunyonya kitakuangusha. Kipo pia kitambaa cha maikrofaiba, kile cha kufutia vioo vya magari. Kinabeba maji mengi, ila kikikaliwa kinayaachia. Na kikigusa ngozi kwa saa nyingi kinaikausha na kuikwaruza. Kiache.

Kizuizi cha maji ndicho kinachosumbua kukipata. Kilicho bora kinaitwa PUL: ni polista nyembamba iliyobandikwa utando wa plastiki laini upande mmoja, na ndicho kitambaa kinachotumika kwenye nepi za kufua. Maduka makubwa ya vitambaa mijini huwa nacho mara kwa mara. Ukikikosa, tafuta kinga ya godoro kwenye mitumba, ile ambayo juu ni kitambaa na chini ina utando unaoteleza. Kinga moja ya kitanda cha futi nne inatoa kava nyingi kuliko utakazohitaji. Ikague kwanza kwa kuivuta mbele ya mwanga: utando ukionyesha nyufa au ukibanduka kama ngozi ya nyoka, umekufa. Kitambaa cha mwavuli huzuia maji kwa muda tu, kwa sababu dawa yake hutoka kadiri kinavyofuliwa.

Mfuko wa plastiki usiuguse kabisa. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hata kipande ulichokibakiza kabatini hakina kazi hapa. Kinachakarisha unapotembea, kinafungia jasho, na baada ya kufuliwa mara chache kinapasuka kwenye mikunjo, ndani kwa ndani, bila wewe kuona.

Upande wa chini wa kava, unaogusa chupi, uwe flisi, kile kitambaa cha manyoya cha makoti mepesi na mablanketi ya mtumba. Sababu mbili. Flisi haitelezi juu ya chupi. Ya pili ni kubwa zaidi: kwa kuwa ni polista, hainyonyi. Ukiweka pamba juu na pamba chini, unyevu husafiri ndani ya pamba ya juu, ukafika kwenye mshono wa pembeni, ukazunguka na kushuka kwenye pamba ya chini. Pedi inachafua chupi huku utando wa katikati hauna hata tundu, na mshonaji anabaki kulaumu PUL. Flisi inaikata njia hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo tumia uzi wa polista kila mahali, maana uzi wa pamba hunyonya na kuvusha maji kupitia matundu ya sindano.

Fua kabla ya kukata

Flaneli mpya hurudi, na hurudi zaidi upande wa urefu wa jora. Ukiikata kabla ya kuifua, kitambaa cha ndani kitapungua baada ya wiki mbili na kuanza kuchezacheza ndani ya kava. Fua mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, anika, piga pasi. Kanga na vitenge vipya vina wanga na dawa ya kiwandani inayofukuza maji. Dondosha tone la maji juu yake na uhesabu. Likizama papo hapo, kitambaa kiko tayari. Likibaki juu kama umande kwenye jani la gimbi, rudisha kwenye beseni. PUL na flisi hazihitaji maji ya moto wala pasi kali.

Kagua na rangi. Sugua kitambaa kilicholowa juu ya kipande cheupe. Kinachochuja rangi kisikae karibu na ngozi ya sehemu hiyo.

Vipimo

Kitambaa cha ndani ni mstatili wa sentimita 22.5 kwa 23.5, na kila kimoja kinahitaji vipande viwili. Kikishonwa kwa nafasi ya mshono ya milimita 7 na nusu kila upande, kinabaki 21 kwa 22. Ule upande wa 21 ndio unaokunjwa mara tatu, na unapata upana wa sentimita 7. Mita moja ya flaneli yenye upana wa sentimita 112 inatoa vipande 16, yaani vitambaa vya ndani vinane, endapo utaelekeza upande wa 22.5 kwenye urefu wa jora. Ukiigeuza, flaneli iliyorudi kidogo zaidi itakunyima safu ya mwisho.

Kava lina urefu wa sentimita 25. Upana wake ni 8.5 kwenye ncha mbili na 7.5 katikati. Kila bawa linatokeza sentimita 5.5, upana wa bawa ni 6 linapoanzia na 4.5 linapoishia, ncha ikiwa ya mviringo. Kutoka ncha ya bawa moja hadi ya jingine unapata 18.5. Hivyo ni vipimo vya kava lililokwisha kushonwa, kwa hiyo kwenye kiolezo ongeza milimita 7 na nusu kuzunguka kote. Chora kiolezo kwenye boksi gumu, lakini anza na karatasi iliyokunjwa mara mbili, ili uchore robo moja tu na pande zote zilingane. Ncha zisiwe kali kama yai. Zifanye butu, la sivyo pembe za kitambaa cha ndani zitajikunja ndani ya mifuko na kukuumiza unapokaa.

Upana wa 7.5 katikati haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Chupi nyingi za pamba zina upana wa karibu na huo sehemu ile. Pedi ikizidi hapo sana inajikunja kama mtumbwi na kuvujia pembeni. Wengi hudhani dawa ni kuipanua zaidi, wakati dawa ni kuipunguza. Pima chupi unazozivaa wewe kwanza. Ukiona zina sentimita 6.5, punguza kava na kitambaa cha ndani kwa kiasi hicho hicho.

Kushona kitambaa cha ndani

Weka vipande viwili, pande nzuri zikitazamana, shona kuzunguka na uache mlango wa sentimita 6. Rudisha mshono nyuma mwanzoni na mwishoni. Kata pembe nne kwa mshazari, milimita mbili kutoka kwenye uzi, geuza, sukuma pembe kwa kijiti butu, piga pasi, kisha pitisha mshono wa juu kuzunguka ili ufunge mlango. Kazi imekwisha. Hakuna ovaloki wala zigizaga. Cherehani ya kukanyaga inayopiga mshono ulionyooka tu inatosha, na hiyo ndiyo iliyomo katika nyumba nyingi. Urefu wa mshono uwe milimita 2.5. Usiongeze mistari ya mapambo katikati, kwa sababu kila mstari unaoyabana matabaka unazuia maji yasitoke.

Asiye na cherehani atumie mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma, hatua fupi. Mshono wa kupitisha tu hulegea baada ya kukamuliwa mara chache. Kitambaa kimoja kwa mkono kinachukua karibu saa moja kwa mtu aliyezoea sindano.

Kushona kava

Hapa ndipo makosa yanapojificha, basi twende taratibu.

Kwa kila kava kata kipande cha juu cha kitenge chepesi au flaneli, kipande cha chini cha flisi, na kimoja cha PUL. Mifuko miwili kila mmoja uwe kipande cha sentimita 11 kwa 12. Ile 12 ikunje katikati ibaki 6. Sasa una mfuko wa tabaka mbili usiohitaji pindo. Laza kipande cha juu mezani, uso wake mzuri ukitazama juu. Weka mfuko kila ncha, mkunjo ukielekea katikati ya kava, kisha ukate ziada inayotokeza nje ya mviringo. Tia mshono wa muda ukingoni ili isihame.

PUL isikatwe kwa umbo zima. Ikate ifuate mwili wa kava na iingie kwenye kila bawa sentimita moja tu. Mabawa hayahitaji kizuizi, na yakibaki bila utando yanakuwa laini, yanapitisha hewa na kukauka mapema. Ilaze mgongoni mwa flisi, upande unaong'aa ukitazama juu, yaani upande kitakakokaa kinyonyaji. Ukiupindua, unyevu utakaopita utakutana kwanza na upande wa kitambaa wa PUL, ukajificha hapo katikati, na harufu itabaki hata baada ya kufua.

Pini ni adui wa PUL. Kila tundu ni tundu la kudumu. Tumia vibanio vya nguo kushikilia, au pini ndani ya nafasi ya mshono peke yake. Sindano ya cherehani iwe nambari 75 au 80, mpya na yenye ncha nzima, na urefu wa mshono uongeze hadi milimita 3, kwani mishono iliyobanana hutoboa utando kama stempu na kuuchana. PUL ikikwama chini ya mguu wa cherehani, weka ukanda wa karatasi nyepesi juu yake, shona pamoja, kisha ichane uitoe. Usiivute kwa mkono. Ukivuta, unapinda sindano na mishono inaruka.

Sasa laza kipande cha chini, kikiwa na PUL yake mgongoni, juu ya kipande cha juu, pande nzuri zikitazamana. Shona kuzunguka kwa milimita 7 na nusu. Mlango wa kugeuzia, sentimita 5, uuache pembeni paliponyooka kati ya bawa na ncha. Usiuache kwenye mviringo wala kwenye kona ya bawa. Punguza ukingo ubaki milimita 4. Kwenye mviringo unaotokeza nje, kata vipembe vidogo. Kwenye zile kona nne ambapo bawa linaungana na mwili, kata moja kwa moja hadi ubakize milimita 2 kabla ya uzi. Bila mikato hiyo bawa halilali. Linabaki na mkunjo unaovuta, na mkunjo huo unachuna paja siku nzima. Ukikata hadi kwenye uzi, kona itafumuka siku ya kwanza ya kukamua. Kwa usalama rudia mshono mara ya pili kwenye kona hizo kabla ya kukata.

Geuza. Piga pasi ya moto mdogo upande wa kitenge pekee. Pitisha mshono wa juu milimita 3 kutoka ukingoni. Mshono huu unapita kwenye PUL, ndiyo, lakini uko pembezoni. Kinachokatazwa ni kushona katikati ya kava, hata ua dogo la mapambo.

Kwa mwenye kupenda pedi ya kipande kimoja, kanuni ni hizo hizo, ila kinyonyaji kishonewe kwenye kipande cha juu peke yake kabla ya kukutana na PUL, kiwe na upana wa sentimita 6, kiishie sentimita moja na nusu kabla ya kila ncha, na kisizidi tabaka nne za flaneli.

Vifungo

Vifungo vya plastiki vya kubonyeza, vya milimita 12, ndivyo bora, ila vinahitaji koleo lake. Vile vya chuma vya kushonea kwa mkono ni vya bei nafuu na vinapatikana kila duka la nyuzi. Chagua vya shaba au vilivyopakwa vizuri, maana vingine vinashika kutu na kuacha doa lisilotoka. Velkro inakwaruza, inakusanya nyuzi za nguo nyingine kwenye beseni na inapoteza nguvu.

Hesabu ya mahali pa kuweka ni hii. Kwenye bawa la kwanza weka kifungo sentimita 4 kutoka kwenye mstari linapokunjikia. Kwenye bawa la pili weka mwenzake sentimita 3.5 kutoka kwenye mstari wake. Jumla ni 7.5, ambao ndio upana wa kava likifungwa. Ukiongeza kingine kwenye bawa la pili, sentimita 2.5 kutoka mkunjo, unapata 6.5 kwa chupi nyembamba. Na angalia uelekeo: bawa moja kifungo chake kitazame chini, upande wa flisi, na la pili kitazame juu. Wengi huviweka vyote upande mmoja, na havikutani. Kunja kava kwenye chupi, tia alama kwa chaki, ndipo utoboe. Mahali pa kifungo weka kipande kidogo cha ziada cha kitenge ndani, vinginevyo flisi itachanika kwa kuvutwa.

Jaribio la maji

Kabla ya kuiamini pedi yako shuleni au kazini, ijaribu mezani. Kijiko cha chai ni mililita 5. Damu ya hedhi nzima kwa wanawake wengi ni takriban mililita 30 hadi 40, kwa hiyo vijiko vinne kwenye pedi moja ni jaribio kali. Mimina kimoja kimoja katikati, kwa dakika kumi, weka pedi juu ya karatasi nyeupe kwenye kiti cha mbao, tandika nailoni juu yake, kisha uikalie dakika kumi nyingine. Karatasi ikilowa pembezoni, tatizo ni mshono au pamba ya chini. Ikilowa katikati, utando umetobolewa. Maji yakitiririka juu ya kitambaa bila kuzama, flaneli bado ina dawa ya kiwandani, au ilifuliwa kwa kilainisha nguo, ambacho hufunika nyuzi kama mafuta. Kilainisha nguo kisiguse pedi hata siku moja.

Mwenye damu nyingi aweke vitambaa viwili ndani ya kava moja badala ya kushona kimoja kinene. Lakini anayelazimika kubadilisha kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au anayetoa mabonge makubwa kuliko sarafu, aende kituo cha afya. Hapo si suala la kitambaa tena.

Idadi

Pedi hubadilishwa kila saa nne hadi sita, au mapema ikilowa, kwa hiyo weka vitambaa vinne kwa siku. Vinavyovaliwa leo ni vinne, na vilivyofuliwa jana vinne viko kwenye kamba. Kiangazi, vitambaa vinane na kava tatu vinakutosha. Masika, ambapo kukauka kunakula siku mbili, unahitaji kumi na mbili na kava nne. Hiyo ni mita moja na nusu ya flaneli, nusu mita ya kitenge, nusu mita ya flisi na robo mita ya PUL, na mabaki ya kitenge yatatosha mifuko. Anayeshona vitano kwa kuwa hedhi yake ni ya siku tano amejipangia kuvaa kitambaa kibichi.

Kufua na kukausha

Maji ya baridi kwanza, daima. Maji ya moto hugandisha damu ndani ya nyuzi, na doa linabaki. Loweka nusu saa, mwaga, weka maji mengine, ndipo sabuni ya kipande na kusugua. Usiloweke usiku kucha kwenye ndoo iliyofunikwa. Maji hayo yanageuka shamba la vijidudu. Suuza hadi maji yatoke meupe, kwa sababu sabuni iliyobaki inawasha kuliko damu. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe inakula PUL na kudhoofisha pamba. Doa lililobaki baada ya kufuliwa vizuri si uchafu.

Mahali penye maji ya chumvi, kama visima vingi vya mwambao, sabuni haitoi povu na inaacha utando mgumu kwenye flaneli. Kitambaa kinakakamaa, na uwezo wake wa kunyonya unapungua mwezi hadi mwezi. Okoa lita mbili za maji baridi yasiyo na chumvi, au ya mvua, kwa suuzo la mwisho tu.

Kunjua kitambaa kikamilifu, anika juani, kisipandane na kingine. Ukilazimika kufunika, tumia kanga moja nyepesi, isiyogusa kitambaa. Mvua ikizidi, kamua kwa kukiviringisha ndani ya taulo kavu na kukikanyaga, anika ndani penye upepo wa dirisha, kisha malizia kwa pasi ya moto. Kitambaa cha ndani ni pamba tupu, kinastahimili pasi, nayo pasi inaua vijidudu. Kava halipigwi pasi hivyo. Ili kujua kama kimekauka kweli, kishike kwenye shavu au kwenye mdomo wa juu; vidole hudanganywa na ubaridi, shavu ni gumu kudanganya. Hifadhi kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, na kila mtu awe na vyake.

Kwa safari na shule, shona kifuko cha sentimita 15 kwa 18 kwa mabaki ya PUL, chenye zipu. Kilichotumika kinakunjwa ndani kwa ndani na kuwekwa humo hadi nyumbani, kisha kifuko kifuliwe pia.

Kwa msichana anayeanza, punguza kava liwe na urefu wa sentimita 21, kitambaa cha ndani nacho ukipunguze urefu kwa kiasi hicho hicho, mabawa yafungwe kwa 6, na mpe vitambaa vya kanga au fulana, kwa kuwa ni vyembamba na havimzuii kukimbia. Kwa mzazi aliyetoka kujifungua, refusha kava hadi 33 na uweke vitambaa viwili kwa mpigo, cha pili kikitangulizwa mbele au kurudishwa nyuma kulingana na anavyolala. Kava linapokufa, PUL ikianza kubanduka au mabawa kutoshika, kata vifungo uvitie kwenye kopo kwa kava lijalo. Vitambaa vya ndani huendelea. Huondolewa tu flaneli inapokonda hadi unaona vidole vyako ng'ambo ya pili.